Siku Vyungu Vyetu Vilipotobolewa Ili Viimbe

Mwezi uliopita nilicheka ndani ya jumba la makumbusho mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la kioo. Ndani yake kuna chungu cha kwetu Ikombe, chekundu chenye michoro myeupe shingoni, na ubavuni kina tundu la ukubwa wa yai. Chini yake wamebandika kikaratasi: "Chungu cha muziki. Kilitumiwa na jamii za kaskazini mwa Ziwa Nyasa katika sherehe za biashara ya kale." Jamani! Sherehe za biashara ya kale! Kile ni chungu cha kupikia maharage. Alikifinyanga mama yangu, udongo wake niliubeba mimi kichwani, na tundu lile lilitobolewa kwa drili ya umeme na mwanamume mwenye shanga kwenye ndevu. Nilikuwepo.

Wenzangu mliokulia upande ule wa ziwa mnajua chungu kinavyouzwa, lakini watasoma na wengine ambao hawajawahi kununua hata kijiko bila kuona bei imebandikwa, kwa hiyo nieleze. Bei ya chungu ni ujazo wake. Mnunuzi anamimina mchele mpaka mdomoni, anasawazisha kwa kiganja, anaongeza konzi moja ya heshima, basi. Mchele unabaki kwa mfinyanzi, chungu kinaondoka na mnunuzi. Ila kabla ya kumimina, mnunuzi anagonga. Anakunja kidole, anagonga ubavu wa chungu na kutega sikio. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Akikipenda anakitenga pembeni, na kuanzia hapo ni chake, hata kama mchele wake bado uko njiani. Hasemi neno. "Aliyegonga akatenga amenunua," mama alinifundisha kabla sijaanza shule. "Akija mwingine hata na gunia zima, usimpe."

Na mama alikuwa na mtu wake. Mama Atupele, mwanamke wa Busale, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mama yake alikuwa akichukua vyungu kwa bibi yangu, na yeye akarithi kuchukua kwa mama. Alikuwa haangalii wafinyanzi wengine. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla mvua kubwa hazijaanza, alishuka gulioni Matema na Fuso la wachuuzi, na magunia yake ya mchele aliyotuwekea makusudi, akachukua vyungu vyetu vikubwa vyote kwenda kuwagawia majirani zake kule juu. Ule mchele ndio tuliokula mpaka mvua ziishe. Mvua zikishaanza udongo haukauki, vyungu havichomeki, na mfinyanzi anakaa mikono mitupu. Asipokuja Mama Atupele, sisi ni muhogo tu, asubuhi na jioni. Mama alimpenda pia, hilo nalo niliseme. Walikuwa wakikutana wanashikana mikono wanacheka kwanza, hata kabla ya kusalimiana "Ugonile."

Sasa, mwaka ule nikiwa darasa la nne, Jumamosi ile ile, wakatuletea maonyesho.

Tulifika Matema asubuhi na mtumbwi umejaa vyungu, mama akakuta mahali petu pa kukaa siku zote pamesimikwa turubai jeupe. Gulio zima limesukumwa kando. Palipokuwa pa wauza dagaa pana jukwaa, palipokuwa pa wauza ndizi pana jenereta. Na pale petu kabisa, pale ambapo bibi yangu alikaa na mama yake alikaa, wameweka ubao wenye maandishi makubwa: "Hapa kale watu walibadilishana vyungu kwa nafaka." Kale! Mama alikuwa amesimama mbele ya ubao ule na chungu kichwani, amekuja kukibadilisha kwa nafaka.

Akatujia dada mmoja wa mjini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Huyo ndiye aliyekuwa mratibu.

"Shikamoo mama. Samahani, leo hapa hapauzwi. Kuna maonyesho ya biashara ya kale."

"Na biashara ya leo tukaifanyie wapi?" mama akauliza.

"Kule nyuma, karibu na vyoo. Ni leo tu."

Nyuma karibu na vyoo! Ili wageni waone vizuri jinsi sisi tulivyokuwa tukifanya biashara, ilibidi kwanza sisi tuache kufanya biashara. Nimesoma shule mpaka nikamaliza, nimekaa ofisini na watu wenye vyeo, sijawahi kukutana na ujinga uliopangwa vizuri kama ule.

Haikuishia hapo. Tulipokuwa tunapanga vyungu kule kwenye harufu, mratibu akarudi mbio. Kumbe walihitaji mfinyanzi wa kukaa ndani ya turubai, kando ya makabati ya vioo, awe anafinyanga wageni wakipita. Mama akasita. Yule dada akasema mgeni rasmi anakuja, itakuwa aibu kwa kata nzima, nusu saa tu mama, nusu saa. Mama yangu alikuwa na udhaifu mmoja, alikuwa hawezi kukataa mbele ya watu. Akakubali. Wakamvua yeboyebo zake, wakamwambia afiche simu, wakamfunga kaniki. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, yuko kwenye kwaya, ana laini mbili za simu, wakamgeuza mtu wa kale mbele ya macho yangu. Ile nusu saa ilikula siku nzima.

"Kaa na vyungu," akaniambia. "Mama Atupele akija, aniite."

Mlangoni pa turubai wakasimamisha mgambo na kirungu, hapiti mtu mpaka mgeni rasmi afike. Hilo mama hakulijua.

Nami nilikaa. Mbele yangu walikuwa wanajaribu vyombo vyao watu wa bendi. Mratibu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba ni "muziki wa dunia." Sijui sisi wengine tulikuwa tunaimbia sayari gani. Walikuwa watano, kila mmoja wa nchi yake. Mmoja alipuliza filimbi amefumba macho kama anayemeza kwinini. Mwingine alikuwa na kibuyu kikubwa chenye nyuzi nyingi, na kila akimaliza kukaza uzi mmoja mwingine unalegea, wakampigia makofi hata kwa hilo. Mwanamke mmoja mwenye pete kidole cha mguu aliimba kwa lugha ambayo hata wenzake, ukiwaangalia nyuso, hawakuijua. Eti huo ndio wimbo wa wafanyabiashara walioleta shanga na chumvi na majembe. Mimi nimekulia kati ya wafanyabiashara. Wakiwa na mizigo hawaimbi hivyo. Wanagombana.

Lakini nisijisifu, leo ndiyo nacheka. Siku ile nilikodoa macho. Nilikuwa sijawahi kuona watu wenye viatu vizuri namna ile.

Ndipo akaja yule wa shanga kwenye ndevu, mpiga ngoma wao, pamoja na mratibu. Akapiga magoti mbele ya vyungu vyetu. Akakunja kidole. Akagonga chungu cha kwanza, akatega sikio.

Kumbe mzungu wa watu anajua kununua! Na anagonga vizuri, taratibu, juu, katikati, chini, kama mama wa Busale kabisa. Chungu cha kwanza akakitenga. Cha pili akakirudisha, na kweli kile kilikuwa na walakini, mama mwenyewe alikuwa ameshasema. Cha tatu akatenga. Aliendelea mpaka vyungu vikubwa kumi na kimoja vikawa upande wake, mimi nikabaki na vidogo vya mboga na kile kibovu. Akanigeukia akatabasamu, akaunganisha viganja kifuani, akainama. Nikainama na mimi. Nikajua sasa anakwenda kuleta mchele wake, na kwa mtu wa viatu vile, utakuwa mchele wa namna gani! Nilishaanza kupiga hesabu ya magunia, nikawaza mama atakavyonisifu.

Wakati huo huo, kabla vijana wa bendi hawajavibeba, Mama Atupele akatokea. Alikuwa ametutafuta gulio zima. Gunia moja kichwani, kijana wa Fuso nyuma yake na mengine kwenye baiskeli. Jasho linamtiririka.

"Ee mwanangu, mbona mmefichwa chooni? Mama yako yuko wapi?"

"Yuko kwenye maonyesho. Hatoki."

"Haya, tumimine, gari halinisubiri." Akatua gunia, akanyoosha mkono kwenye vile vyungu kumi na kimoja.

"Hivyo vimetengwa," nikasema.

Mkono wake ukasimama. Kanuni aliijua kuliko mimi. "Vyote?"

"Vyote."

Akatazama turubai, akamtazama mgambo na kirungu chake, akanitazama mimi. "Mama yako ameuza vyungu vyangu vyote? Leo?"

Hapo ningenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Ningesema sijui, subiri, ngoja nimwite mama kwa kupenya chini ya turubai, nilikuwa mdogo ningepenya. Lakini nilikuwa nimeshainamiwa na mtu wa muziki wa dunia. Nikamwangalia Mama Atupele kuanzia kanga yake iliyochakaa mpaka miguu yake yenye tope la majaruba, nikasema, kwa sauti ya yule mratibu kabisa:

"Mchele wako peleka kwingine. Leo tuna watu wa maana."

Wauza dagaa waliokuwa jirani waligeuka kututazama. Mama Atupele alijitwika gunia lake upya mwenyewe, kijana hakuwahi hata kumsaidia, akaondoka. Baadaye tulisikia kwamba mchele wote ule aliubadilisha siku ile ile kwa masufuria ya mchuuzi mmoja aliyekuwa amevuka kutoka Malawi. Vijana wa bendi walipobeba vyungu vyetu kwenda nyuma ya jukwaa, jenereta likanguruma, na nikasikia kitu kinakereza. Nilidhani wanatengeneza jukwaa.

Mgeni rasmi alifika alasiri. Hotuba zilikuwa tatu, na zote zilisema babu zetu walikuwa watu hodari sana. Kisha bendi. Yule wa ndevu alikaa katikati ya vyungu vyetu kumi na kimoja vilivyolazwa kwenye majani ya migomba, akaanza kuvipiga kwa viganja. Nikiri kitu: vililia vizuri. Vililia kwa namna ambayo sijawahi kusikia tena, sauti nene iliyokuingia tumboni. Nililia machozi kwa fahari. Ndiyo maana nawachukia zaidi. Wangekuwa hawajui kitu ningewasamehe.

Walipomaliza, mama aliachiliwa kutoka turubaini, mikono imekauka udongo. Nikamkimbilia nikamweleza yote kwa pumzi moja, kwamba kuna mnunuzi, amegonga, ametenga kumi na kimoja. Mama akatazama jukwaani akaviona. Akapanda jukwaa vile vile, miguu mitupu, na kaniki yao. Akainua chungu kimoja. Akaliona tundu. Akainua kingine, kina tundu. Vyote. Aliingiza kidole kwenye tundu la kile kikubwa kuliko vyote akakiacha humo kwa muda.

Kisha akakiweka chini mbele ya yule wa ndevu, akamwonyesha mdomo wa chungu.

"Jaza," akasema.

Yule akatabasamu, akainama na viganja vyake.

"Umegonga, umetenga. Jaza!" Sauti ilikuwa karibu na kipaza sauti, ikasikika mpaka ziwani. "Jaza! Vyote kumi na kimoja, jaza!"

Mratibu akadaka kipaza sauti akawageukia wageni. "Na huyu," akasema, "ndiye mfinyanzi wetu, anatuonyesha jinsi biashara ilivyofanyika kale."

Wakapiga makofi. Mgeni rasmi alisimama kabisa, akapiga makofi akiwa amesimama. Mama yangu anadai chakula cha watoto wake, nao wanampigia makofi kwa jinsi anavyodai vizuri. Wapo watu ambao ukizama mbele yao watausifu mtindo wako wa kuogelea. Walimpa fulana na cheti cha ushiriki, jina lake wakalikosea, na kile chungu kikubwa wakakichukua "kwa ajili ya kumbukumbu." Kumi wakaturudishia. Ndiyo, walikuwa na adabu ya kuturudishia.

Jioni ile mtumbwini mama hakunigombeza. "Umefuata nilivyokufundisha," akasema. "Kosa ni langu kukaa mle." Halafu akauliza, "Na Mama Atupele hakuja?"

"Alikuja. Nikamwambia vimetengwa."

"Akasemaje?"

"Akaondoka."

Yote yalikuwa kweli.

Wiki ile mama hakulala. Mvua zilishaanza kudondoka, lakini aliviziavizia jua, akafinyanga vinne vikubwa, akavikausha juu ya moto wa jikoni, akavichoma siku ya Ijumaa mawingu yakiwa yametanda. Jumamosi tukaenda. Mama Atupele naye alishuka tena, kununua dagaa. Mama alipomwona kwa mbali alisimama, akamnyooshea mikono yote miwili, anacheka kwanza kama kawaida yao. Mama Atupele akapita.

"Mama Atupele! Ndiyo nini sasa? Nimekuwekea vinne."

Akageuka. "Mimi? Si mna watu wa maana?"

"Watu gani wa maana?"

"Muulize mwanao. Ameniambia nipeleke mchele wangu kwingine, leo mna watu wa maana. Mbele ya gulio zima, mimi na utu uzima wangu."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri ajibiwe aendelee na kazi. "Ulimwambia hivyo?"

Wauza dagaa hawa hapa, walisikia, lakini hakuna aliyenyanyua kichwa. Mambo ya mtoto na mama yake, nani ataingilia?

"Hapana," nikasema.

Basi, neno moja. Mama akamgeukia rafiki yake. "Mtoto wangu hasemi uongo. Umepata masufuria ya Malawi, sema umepata masufuria. Usimsingizie mtoto."

Mama Atupele alinitazama mimi, si mama. Alinipa nafasi, nilielewa hata nikiwa na umri ule kwamba ananipa nafasi. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Akasema, "Ndaga," kama anayeshukuru kwa chakula ambacho hakula, akaenda zake.

Mvua zile tulikula muhogo. Muhogo si kitu, muhogo umelea watu wengi. Lakini mama hakumtafuta mwanamke yule tena, wala yule hakuja. Mama zao walibadilishana, wao wakabadilishana, na ikaishia pale, baina yao uongo wangu umekaa kama mgambo mlangoni. Kila jina la Busale likitajwa nyumbani mama alisonya. "Watu wa kule waongo," alikuwa akisema, mpaka nikiwa mtu mzima, mpaka nina watoto. Na mimi nilikuwa nanyamaza. Nimejenga maisha mazima ya kuwadharau watu wa maonyesho, nawachekesha watu kwenye sherehe kwa kisa cha yule wa ndevu, nikifika kwenye "Jaza!" watu wanashika mbavu. Sehemu ya Mama Atupele huwa siisimulii.

Mama tulimzika mwaka huu, Ikombe. Siku ya pili ya msiba, wanawake wakiwa wanapika nje, nilimwona mama mmoja mzee anashushwa kwenye pikipiki, amejifunga mfuko wa mchele mgongoni kama mtoto. Mwili ulikuwa umeisha, lakini sauti ilikuwa ile ile. Aliwapa pole wote, akakabidhi mchele jikoni, akaenda kukaa peke yake kwenye mkeka upande wa kaburi. Nilimfuata. Nilipiga magoti. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyapanga maneno, yakanipotea, nikasema tu:

"Mama, nilisema. Siku ile kwenye vyungu. Yale maneno niliyasema."

Aliniangalia kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeambiwa habari za zamani sana.

"Sasa mimi unaniambia nini?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Aliyekuwa hajui ni mama yako."